Mpimaji wa Singa

Mpimaji hakulipenda neno "kama". Ukimwambia fungu la nyuzi lina urefu wa kama mita moja, aliweka kalamu chini na kukutazama mpaka urudi kupima. "Usiniambie kama," alisema. "Niambie ngapi." Mara ya kwanza aliponiambia hivyo nilikuwa na miaka arobaini na mbili, nina karakana yangu ya kompyuta na redio karibu na soko la Kilosa, na alikuwa ameniuliza tu nimefika saa ngapi. Nilikuwa nimemjibu kama saa tatu.

Kila mtu kwenye lile shamba la mkonge nje ya mji alimwita Mpimaji. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi za ofisi, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Wakata mkonge waliokuwa wakipita dirishani kwake walisema "Shikamoo Mpimaji," naye akajibu "Marahaba" bila kuinua uso, na kama sauti ilikuwa ya mtu aliyeugua wiki ile aliongeza, "Kifua kimepona?" Nyuso na majina vilimpotea haraka, ila sauti za watu hazikumpotea. Meneja peke yake ndiye aliyemsalimu kwa "Habari za kazi, Mpimaji," ingawa kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Mpimaji alijibu "Nzuri" na kuendelea. Sikuwahi kumsikia akilalamikia jambo hilo.

Kazi yake ilikuwa kuvuta nyuzi mpaka zikatike. Majani ya mkonge yakishapita kwenye korona, ile mashine kubwa inayoyakwangua, kinachobaki ni singa, nyuzi ndefu nyeupe ambazo hoteli na meli za mbali huzijua zikiwa kamba. Kila siku Mpimaji aliletewa mafungu kutoka kila sehemu ya shamba. Msaidizi wake, Rehema, mama wa watoto wanne kutoka Masanze, aliyakata kwa urefu mmoja, akayapima uzito na kuyatundika kwenye misumari ukutani yakauke sawasawa. Mpimaji aliyachukua moja moja, akalifunga kila moja kati ya taya mbili za mashine yake, ya juu na ya chini, na mashine ikavuta. Kwenye kioo kidogo tarakimu nyekundu zilipanda mpaka fungu likakatika kwa mlio kama wa kijiti kikavu. Kilo zilizosomeka pale ndizo alizoingiza kwenye daftari, na kwa namba hizo shamba liliwaambia wanunuzi singa zake ni za daraja gani.

Mashine yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Ilikuwa imeletwa ikiwa imeshatumika kwingine, na kitufe chake cha kurudisha sifuri kilivunjika miaka mingi kabla sijafika. Mpimaji alikuwa ameahidiwa kipuri. "Kipo njiani," aliniambia nilipouliza. Nikauliza kimetoka wapi. "Hawajaniambia kimetoka. Wameniambia kipo njiani."

Mtu aliyezoea kumwona maabara angedhani hata nyumbani kwake kila kitu kiko kwenye mstari. Nilialikwa kula kwake siku ya Idi, na nilimwona akitia chumvi kwenye pilau kwa kiganja, akazungumza na mgeni, akasahau, akatia tena. Pilau ilikuwa tamu kupita kiasi na nilimwambia hivyo. Nilipomuuliza chumvi ni vijiko vingapi alinishangaa. "Chumvi unapimaje?" Kazini pia alichelewa. Mtu aliyeniwekea kalamu chini kwa ajili ya neno moja alifika maabara saa mbili na dakika zake, kila siku dakika tofauti, akiwa na kikapu cha mchicha alichonunua njiani. Aliwakataza watu kuweka simu juu ya meza ya mashine kwa sababu zinatetemesha, na yeye mwenyewe alikuwa na simu mbili, zote zikiita kwa sauti ya juu.

Lakini mbele ya mashine hakubadilika. Kila mara kabla ya kufunga fungu alisimama wima, mikono ameikutanisha kifuani, uso usawa wa kioo, midomo ikicheza polepole bila sauti. Niliwahi kuhesabu moyoni: sekunde ishirini na nane. Midomo iliendelea kucheza hata alipokuwa akikaza taya, mpaka fungu likakatika na kalamu ikagusa daftari. Rehema aliinamisha uso wakati huo, nami nikafanya hivyo hivyo. Kwetu mtu akisali humkodolei macho, awe wa dini yako au la. Mimi na Rehema ni Wakristo, Mpimaji Muislamu, na kwa siku zote nilizofanya kazi mle ndani tulikuwa tukitazama sakafu kwa adabu kila anapoanza.

Rehema alipouliza siku moja kwa nini wasifunge fungu mara moja wakawahi kumaliza, Mpimaji alimjibu, "Iache ipumue kwanza." Hakusema zaidi. Alikuwa na maneno machache ya namna hiyo, na aliyatumia kama mtu anayekupa ufunguo bila kukuonyesha mlango, kwa sababu kwake mlango ulikuwa wazi siku zote.

Wazo la kuiunganisha mashine na kompyuta lilikuwa lake. Watu wengi hawakuamini baadaye nilipowaeleza. Alikwenda mwenyewe ofisini kwa meneja na kumwambia macho yake yameanza kumdanganya, anasoma nane mahali pa tatu, na kwamba kabla hajaharibu daftari la watu ni bora namba ziende zenyewe kwenye kompyuta. Meneja akaniita. Nilipofika Mpimaji alinipokea bila shangwe yoyote.

"Fundi, umesomea wapi kazi hii?"

"Nimejisomea, Mama."

"Vizuri. Basi ukikosea hutamsingizia mwalimu."

Nyuma ya mashine kulikuwa na tundu pana lenye pini ishirini na tano, la aina ambayo kompyuta za siku hizi zimeiacha. Nilinunua kebo ya kugeuza, upande mmoja USB na upande wa pili pini tisa, nikachoma mwenyewe kiungo cha kutoka pini tisa kwenda ishirini na tano. Kitabu cha mashine kilikuwa kimeliwa na mchwa kuanzia katikati. Siku ya kwanza sikupata kitu. Jioni nilifuatilia waya mmoja mmoja na kugundua nimeunganisha waya wa kusemea wa mashine na waya wa kusemea wa kompyuta. Pande zote mbili zilikuwa zinasema na hakuna iliyosikiliza. Nilipomweleza, Mpimaji aligeukia dirisha.

"Rehema, umesikia? Fundi ametutengenezea kikao cha kijiji."

Nilipozipishanisha nyaya, ya kusemea ikaenda kwenye ya kusikilizia, maneno yakaanza kuingia, lakini yalikuwa takataka: alama za kuuliza, nyota, nusu herufi. Hiyo ni ishara kwamba kompyuta inasikiliza kwa kasi tofauti na kasi ambayo mashine inasema. Niliorodhesha kasi zote kwenye karatasi nikazijaribu moja baada ya nyingine, nikiweka alama ya mkasi kwenye iliyoshindwa. Ya tano ilikubali. Kwenye kioo cha mashine palikuwa na 41.2, na kwenye kompyuta pakaandikwa 41.2. Mpimaji alinivutisha mafungu thelathini kabla hajakubali kunywa chai.

"Inaandika kile inachosema mashine," alisema.

"Ndivyo, Mama," nilijibu kwa majivuno kidogo.

Alinitazama kitambo, kama anayesubiri swali linalofuata. Sikuwa nalo.

Kesho yake saa mbili asubuhi, kabla joto halijaingia, nilitundika jiwe la mizani la kilo ishirini kwenye taya ya juu. Mashine ikasema ishirini kamili, kompyuta ikasema ishirini kamili. Niliandika "sawa" kwenye kumbukumbu zangu na kutia sahihi. Kwa wiki mbili zilizofuata kompyuta iliandika na Mpimaji naye aliandika kwenye daftari, bega kwa bega, nami nilisimama nyuma yao kuhakikisha kebo haikatiki. Hakuna aliyelinganisha. Kisha Mpimaji akastaafu, akamwachia Rehema mashine, akaagwa kwa soda na hotuba fupi, na mwanawe wa kike akamchukua kwenda kuishi naye Mikumi, ambako angesubiri kufanyiwa upasuaji wa macho.

Msimu ulipokwisha, meneja alinitaka nilinganishe zile wiki mbili, daftari kwa kompyuta, apate kuthibitisha mfumo mpya. Nilifanya kazi hiyo kwa siku nzima, mstari kwa mstari, na ilipofika jioni sikutaka kumpelekea. Karibu kila mstari namba ya kompyuta ilikuwa juu ya namba ya Mpimaji. Mafungu ya asubuhi yalipishana kidogo sana. Ya mchana yalipishana kwa kilo tatu, mengine karibu nne.

Nilianza kwa kuituhumu kazi yangu. Nilirudi maabara mchana wa jua kali, nikabadilisha kebo, nikalinganisha kioo na kompyuta mara hamsini. Hazikupishana hata mara moja. Kebo yangu ilikuwa safi. Na kwa kuisafisha kebo nilikuwa nimemchafua Mpimaji, kwa sababu kama kompyuta iliandika kile kilichokuwa kwenye kioo, basi yeye alikuwa ameandika kitu kingine.

"Mchana ofisi inakuwa na watu wachache," meneja alisema alipoona karatasi. "Asubuhi anaogopa, mchana anapunguza. Miaka mingapi tumeuza singa zetu kwa daraja la chini?"

"Labda ni macho, bosi."

"Macho yanakosea juu na chini. Haya yanakosea upande mmoja tu."

Hoja yake ilikuwa sahihi. Kabla wiki haijaisha habari ilifika kwa vijana wa bodaboda pale stendi, kwamba Mpimaji alikuwa na lake na wanunuzi. Mmoja aliyekuwa akimpeleka kazini kwa miaka alitema mate aliponiambia. "Bibi mpole vile! Na mimi nilikuwa namshikia kikapu." Meneja akaandika barua ya kumtaka ajieleze, na kwa kuwa nilimwambia nina safari ya Mikumi, akanipa mimi bahasha. "Mpe mkononi."

Sikuwa na safari ya Mikumi. Niliitunga palepale, kwa kuwa namba zilizoandikwa kwenye barua ile zilikuwa zimetoka kwenye kazi yangu.

Nilimkuta uani nyuma ya nyumba ya mwanawe, si mbali na barabara kuu, malori yakinguruma upande wa pili wa ukuta. Alinitambua nilipotoa shikamoo.

"Marahaba, Fundi. Kebo imekatika?"

"Haijakatika, Mama."

"Basi una jambo."

Nilimpa bahasha. Aliipapasa, akanirudishia nimsomee. Nilisoma yote, mpaka pale palipoandikwa kwamba alipunguza vipimo kwa makusudi, kisha sahihi. Mikono yake ilikuwa mapajani. Nilitegemea akasirike, au alie, au aniulize kwa nini mimi nimekubali kuileta.

"Mchele umeisha," alisema mwishoni, akasimama. "Nisindikize kwa Mangi. Peke yangu sioni vizuri barabarani."

Duka lilikuwa nyumba ya tatu. Mangi, mwenye duka, alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, na alipomwona tu aliinua mikono juu.

"Bibi Mkaguzi! Jana umeikagua, juzi umeikagua. Leo tena?"

"Jana ilikuwa jana. Sogeza mizani."

"Lakini haina kitu juu yake!"

"Ndiyo. Nataka nijue inasema nini ikiwa haina kitu."

Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mshale wa ile mizani. Mikono aliikutanisha kifuani. Midomo ikaanza kucheza, polepole, bila sauti, na mimi kwa mazoea ya maabara nikainamisha uso.

Nilikuwa nimeshaiona sakafu ya duka, na gunia la maharage, na kandambili za Mangi, ndipo nilipoelewa ninachokifanya. Nikainua macho.

"Mama," nilisema. "Maabara, kabla ya kufunga fungu. Ulikuwa unasoma mashine ikiwa tupu?"

"Ulidhani nilikuwa nafanya nini?"

Nilipiga simu kwa Rehema na kuweka spika. Ilikuwa saa nane mchana, na Kilosa saa hiyo maabara ya bati inachemka.

"Rehema, nenda kwenye mashine. Usiweke fungu. Nisomee namba."

"Haina kitu, Fundi. Ndiyo kwanza nimetoka kula."

"Nisomee hivyo hivyo."

Tulisikia kandambili zake. "Tatu nukta saba," alisema. "Eh. Mbona ina kilo na hakuna kitu?"

"Joto likipanda nayo inapanda," Mpimaji alisema. "Asubuhi inaanza na sifuri. Tangu kile kitufe kivunjike. Rehema, nilikuambia uiache ipumue kwanza."

"Shikamoo Mama! Naiacha. Dakika nzima naiacha, kila fungu."

"Marahaba. Na wakati huo unatazama nini?"

"Natazama chini."

"Chini kuna nini?"

"Mama, si ndipo ulipokuwa unasali?"

Mangi ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia Mpimaji, kicheko cha kukohoa kilichomlazimu kushika ukingo wa meza. "Bismillahi nilikuwa naisema nikiwasha," alisema alipoweza. "Pale nilikuwa nairudia namba ya utupu nisiisahau mpaka nyuzi zikatike, niiondoe, ndipo niandike. Na wewe, Fundi? Wiki mbili umesimama nyuma yangu na karatasi zako. Nilijua umeona. Nilijua kompyuta yako umeifundisha."

"Nami nilikuwa natazama chini, Mama."

Alitikisa kichwa. Nikamuuliza kilichokuwa kinanikera zaidi: kwa nini hakuiandika ile namba popote.

"Daftari la shamba lina safu ngapi?"

Nilizihesabu kichwani: tarehe, sehemu ya shamba, namba ya fungu, kilo, sahihi. "Tano."

"Ya utupu ni ipi?"

Haikuwepo. Daftari lilichapwa kabla kitufe hakijavunjika, na Mpimaji hakuwa mtu wa kuchora mstari kwenye daftari la ofisi.

Nilimwomba Rehema ampelekee meneja simu, aje naye mpaka kwenye mashine. Alikuja bila haraka, nikamsikia akiuliza nani yuko hewani. Nilimwambia atazame kioo mashine ikiwa tupu, kisha Rehema atundike lile jiwe la kilo ishirini. Chuma kiligonga chuma.

"Inasema ngapi, bosi?"

"Ishirini na tatu nukta saba. Litoe. Lirudishe." Chuma kikagonga tena. "Ishirini na tatu nukta saba."

Nilimweleza kwamba nitakapofika nitaiongezea kompyuta safu ya sita, na kwamba haitakubali fungu lolote mpaka isomewe kwanza taya tupu. Nilimwambia pia kwamba namba zinazopaswa kupunguzwa ni za msimu wote uliokwisha tangu Mpimaji aondoke, si za kwake. Ninajua alikuwa anafikiria ni barua ngapi ameshawaandikia wanunuzi kusifu singa zake mpya.

"Ile barua yangu," alisema, "usimpe."

"Ameshasomewa."

Upande wa pili ilisikika feni ya maabara. Mangi alikuwa ameacha kucheka na ameshika kibaba chake hewani.

"Yupo hapo?"

Nilimkabidhi Mpimaji simu. Aliishika kwa mikono miwili, karibu na kifua.

"Shikamoo, Mama," meneja alisema.

Alisimama wima, midomo ikicheza polepole bila sauti, sijui kwa namba ipi. Rehema, huko Kilosa, bila shaka alikuwa ametazama chini. Mimi safari hii sikuinamisha uso. Nilimtazama mpaka mwisho.

"Marahaba," alisema. Akanirudishia simu na kumgeukia Mangi. "Haya, sasa weka mchele."